Bosi Niliyemchora kwa Mdomo

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie kabla ya Jumamosi, maana kamba hii nimejifunga mwenyewe na sasa sioni ncha yake.

Mimi ni mtu mzima mwenye shahada yangu, nachora picha za vitabu vya watoto, na ofisi yangu ni kona ya sebule ya mama, kati ya friji na dirisha, na hapo ndipo balaa lilipoanzia, kwa sababu anayeonekana nyumbani mchana, hata awe ameinamia kazi mpaka shingo imekakamaa, kwa watu wa nyumba hii yupo tu, kwa hiyo fundi bomba akija ni mimi, mtungi wa gesi ukiletwa ni mimi, na wifi, mke wa kaka yangu, huniwekea mwanawe mapajani akisema, "Mshike kidogo, shangazi yake, wewe si upo tu?" na mtoto analamba kioo cha tableti ninachochorea na kumpa simba wangu mkia wa pili.

Siku moja nikachoka, nikasema, "Bosi hataki."

Sina bosi, mshauri. Nachukua kazi kwa mchapishaji huyu na yule, na hakuna anayejua hata naamka saa ngapi, lakini nilipolitamka neno hilo nyumba nzima ilitulia, mama akapunguza redio, wifi akamnyanyua mwanawe kwa mikono miwili kama kikombe cha mgeni, nami nikanogewa, nikaanza kumwongezea nyama: mwanamume wa makamo, mkali, suti kila siku, gari jeusi, hapendi kelele, hapendi nitumwe sokoni, ana vidonda vya tumbo. Vidonda sijui nilivitoa wapi. Mama sasa anamwombea.

Juzi kimetoka kitabu changu cha kwanza chenye jina langu jaladani, hadithi ya tembo anayeogopa ngazi, kazi iliyoninyima raha mwaka mzima, nikampa mama. Alikifungua taratibu, akalipapasa sikio la tembo kwa kidole, akasema, "Jamani, huyu bosi wako anajua kuchora! Wewe ndiye uliyekuwa unampakia rangi?"

Nikamwonyesha jina langu.

"Na jina lako amekuwekea," akasema. "Huyo ana utu. Usimchezee."

Nilimwonea wivu, mshauri, mtu ambaye hata soksi hana. Sasa mama amemnunulia shati, mjomba ameteuliwa kuwa msemaji, na Jumamosi wanataka niwapeleke ofisini wakamshukuru. Rafiki yangu ananiambia nimuue, niseme tumbo limemzidi. Mimi nafikiria kumwomba mwalimu mstaafu, jirani yetu, avae suti. Mama akijua nimemdanganya ataniona mhuni. Asipojua, kitabu changu kitabaki cha bosi huyo. Nifanyeje?

Mchoraji wa Kona ya Friji

*

Binti wa friji,

Nimecheka. Kisha nikasoma tena pale kwenye sikio la tembo, nikaacha kucheka, kwa hiyo pole yako ipokee sasa hivi, maana huko mbele hakuna nyingine.

Ulikuwa na uhuru wa kuumba bosi yeyote. Ungeweza kumfanya mwanamke, kijana, mwenye wino kwenye kucha. Ukachagua mzee wa suti na gari, halafu unashangaa mama yako kumkabidhi sifa zote! Mama hakukosea. Ameangalia picha uliyomchorea akaiamini, na ndiyo kazi ya mchoraji mzuri. Ulipotafuta mtu wa kuheshimiwa ndani ya nyumba hiyo, wewe mwenyewe hukujiona, ukamtangulia hata wifi yako kuidharau kazi yako.

Kumuua usithubutu. Mama aliyekwisha kununua shati atataka kwenda msibani, mjomba atachangisha rambirambi, na wewe utaanza kutafuta kaburi la kuwaonyesha. Mwalimu mstaafu naye mwache apumzike. Akisifiwa ndani ya suti hiyo mara moja tu, Jumatatu atakuja kukukagua kazi.

Usingoje Jumamosi. Leo, wifi na mjomba wakiwa hawapo, kaa na mama yako umwambie, "Mama, bosi hayupo. Ni mimi niliyechora." Sentensi hizo tu. Usilete hotuba ya kisomi kuhusu thamani ya sanaa, mama hakukunyima thamani, wewe ndiye uliyemdanganya. Atakasirika, na zaidi atatahayari kwa zile dua za tumbo. Karipio hilo ni lako, lipokee lote. Akimaliza, vuta kiti chake karibu na meza yako na uchore mbele ya macho yake. Aone unavyofuta, unavyosonya, unavyoanza upya. Hajawahi kuona, na wewe hujawahi kumkaribisha.

Halafu jifunze kukataa kwa mdomo wako. Wifi akija na mtoto asubuhi, mwambie, "Wifi, leo siwezi, niko kazini." Usitabasamu kumlainisha, wala usitaje mtu mwingine. Atanuna. Mwache anune. Mabosi wa kweli hununiwa kila siku, na mchana wanakula vizuri tu.