Nani Anakula Mtandao Wangu

Area D, Dodoma
12 Machi 2007

Mwanangu Geofrey,

Mbukwa, baba. Naomba Mungu barua hii ikukute mzima, na huo mnara wenu wa simu usikuangukie kichwani. Huku sijambo, ila goti la kushoto linanikumbusha umri kila nikipanda ngazi za kanisani. Mvua imetunyima. Mahindi ya Hombolo yamejikunja, zabibu tu ndizo hazina habari. Mama Violeth, toka kwake upande wa pili wa ukuta, anakusalimu, anauliza kama huko Chemba unakula vizuri au unakula nyama tu.

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu barua pepe haiendi, na hiyo ndiyo shida yenyewe. Ule mtandao usio na waya uliotuwekea Krismasi, mwezi wa kwanza ulikuwa unapaa. Sasa unatambaa. Ile kampuni ya Dar inanitumia sauti za semina kwa intaneti, nisikilize, nichape, niwarudishie. Zamani sauti ilikuwa inaingia wakati chai inachemka. Sasa naweza kwenda Majengo sokoni, nikarudi, nikakuta haijafika hata nusu.

Nimeshachelewa mara mbili. Yule dada wa ofisini kwao, sauti tamu kama asali, ameniambia nikichelewa tena kazi itakwenda kwa mwingine. Geofrey, tangu siku ile walipotupunguza kazini, mimi na Mama Violeth, kila mtu na bahasha yake mkononi, hii ndiyo kazi ya kwanza iliyonitafuta kwa jina langu. Siiachii.

Watu wa laini wamekuja wakapima. Wakasema laini haina tatizo, ila "mama, hapa kwenu mnatumia watu wengi." Watu gani? Nyumba nzima niko mimi na paka.

Usiniambie nimwite fundi. Nataka kumjua mwenyewe anayekula mtandao wangu, na nimfunge mwenyewe. Nieleze polepole, kama unavyomweleza mtu mwenye akili ambaye hajaonyeshwa. Barua hii nampa Hassani, kondakta wa basi la Kondoa. Jibu kupitia kwake.

Ni mimi mama yako,
Paulina


Chemba
20 Machi 2007

Mama mpendwa,

Shikamoo. Barua imefika, ikiwa na vumbi la Kondoa Road kwenye kila mkunjo. Mimi ni mzima. Mwambie Mama Violeth nakula nyama tu, na sijutii.

Mama, wale watu wa laini wamesema kweli. Kuna wageni ndani ya mtandao wako. Na kabla sijaenda mbali, neno la siri bado ni lile ulilochagua siku ile? Kama ni lile, sina haja ya kushangaa. Umeweka jina la Mtakatifu Rita. Jumuiya yenu ni ya Mtakatifu Rita, inasali kwako kwa zamu, na picha yake umeitundika juu ya kisanduku chenyewe cha intaneti. Najua ulitaka alinde nyumba. Ameifungua.

Sasa fanya hivi. Washa kompyuta, fungua lile dirisha la intaneti, na pale juu pa kuandika anwani, andika namba nilizokuandikia nyuma ya karatasi hii. Itakuuliza jina na neno la kisanduku chenyewe. Yote mawili yamebandikwa tumboni mwake, kigeuze utaona. Ukishaingia, tafuta orodha ya mashine zilizounganishwa. Kila kompyuta ina namba yake ya kiwandani, kama chesisi ya gari, hakuna mbili zinazofanana. Ya kwako iko chini ya kompyuta yako, nimeizungushia wino mwekundu. Namba nyingine yoyote ni ya mgeni.

Pembeni ya kila namba kuna mahali pa kuizuia. Usizuie wote kwa mpigo. Zuia mmoja, kisha kaa utulie. Mwizi wa kuku haji kumuulizia kuku, lakini huyu atakuja, maana mara nyingi hajui kama ameiba.

Ukimaliza badilisha neno la siri. Tafadhali, asiwe mtakatifu yeyote.

Mwanao,
Geofrey


Area D
4 Aprili 2007

Mwanangu,

Salamu nyingi. Mimi mzima, goti nalo limenyamaza kidogo tangu lipate habari ya kufanya.

Nimeingia. Nilikosea mara kadhaa, nikakitukana kisanduku, nikakiomba radhi, kikafunguka. Mashine zilikuwa tatu. Moja yangu. Ya pili iliandikwa jina kabisa: Kefa. Ya tatu namba tupu, haina jina.

Huyo Kefa ni mwanafunzi wa chuo, amepanga nyumba ya nyuma, kwa Mzee Respicius, mwenyekiti wetu wa jumuiya. Nikamzuia, nikaenda kusonga ugali. Haujaiva, hodi mlangoni.

"Shikamoo, mama. Samahani, mtandao una tatizo leo?"

"Marahaba. Mtandao upi?"

"Huu wetu, mama. Umekatika sasa hivi, hausomi. Nikasema nikutaarifu, isije ikawa umepitiwa kulipia."

Huu wetu! Nilimtazama mpaka akaanza kujikuna shingo. Kumbe siku jumuiya iliposali hapa, alipiga magoti karibu na kisanduku akiwa na kompyuta yake begini. Alipofika kwake akajaribu jina la mtakatifu, mlango ukafunguka. Akaamini ni mtandao wa jumuiya, tumeuweka kwa michango, na ndiyo maana una jina la msimamizi wetu. Hakuwa anadanganya, Geofrey. Alikuwa amekwisha kuwaambia wenzake chuoni kwamba Wakatoliki wa Area D wameendelea. Nilimsema mpaka ugali ukaungua, kisha nikampa aule hivyo hivyo.

Yule wa tatu nikamzuia naye, hakuja mtu kumuulizia. Nikasema nisikimbizane na namba, nizifungulie zote kisha nibadilishe neno, wote wabaki nje. Neno jipya ni jina alilokuwa akiniita bibi yangu nilipokuwa mtoto kule Hombolo. Silitaji hapa, Hassani naye ana macho.

Tangu hapo mtandao ulipaa siku kadhaa, nami nikachapa kama niko ishirini na tano. Lakini pigo lilikuwa limeshatoka. Dada wa Dar amepiga simu: semina kubwa ya Morogoro, ile niliyokuwa naiwinda, wamempa mwingine. Nikamuuliza nani. Akasema mtu wa huko huko kwenu Dodoma, anawahi sana. Nimebaki na vikazi vidogo, na hivyo navyo wananitazama.

Mama Violeth alikuja jioni na chungu cha mlenda. Nilipomweleza habari ya Morogoro alisikitika mpaka akashindwa kula. Ni mimi niliyemwambia juu ya kampuni hii mwaka jana, Violeth alipomtumia ile kompyuta ya mitumba kutoka Arusha. Nilitaka tufanye wote. Akasema yeye macho yamechoka.

Mama yako,
Paulina


Chemba
11 Aprili 2007

Mama,

Shikamoo, na pole kwa Morogoro. Nimecheka habari ya Kefa mpaka wenzangu wakashuka mnarani kuuliza kulikoni. Sisi tunaendelea. Hapa kila mzee wa ng'ombe anatuuliza simu itaanza lini, tunasema karibuni, nao wanajibu hata mvua huwa karibuni.

Yule wa tatu ananitia wasiwasi. Aliyenyamaza alijua anachofanya. Akirudi, kuna dawa kali zaidi. Humo ndani kuna orodha nyingine, ya wanaoruhusiwa. Badala ya kuwafukuza wabaya, unawaandika wema tu, na asiyeandikwa haingii hata akilijua neno. Lakini anza na namba yako mwenyewe, la sivyo utajifungia nje ya nyumba yako.

Na hilo jina la bibi, nani mwingine analijua? Si kwamba namtuhumu mtu. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako.

Mwanao,
Geofrey


Area D
17 Aprili 2007

Geofrey,

Amerudi. Namba ile ile, kwa neno jipya.

Jina lile, tunaolijua tulio hai ni watatu. Mimi. Dada yangu wa Hombolo, ambaye hajawahi kugusa kompyuta. Na mtu mwingine mmoja niliyekua naye.

Nimefanya ulivyosema. Orodha sasa ina namba moja tu, yangu. Sina la zaidi.

Mama yako


Chemba
6 Mei 2007

Mama yangu,

Shikamoo. Basi la Hassani limepita mara nyingi, na kila mara ananifungulia mikono mitupu. Barua yako ya mwisho haikuwa hata na salamu. Tangu nianze shule ya bweni hujawahi kuniandikia bila kuniuliza kama nimekula.

Naona mtu huyo ni mzito kuliko nilivyodhani. Sitakulazimisha kumtaja. Ila usikae na jambo hilo peke yako ndani ya nyumba. Mwite Mama Violeth akae nawe, mwelezeni wote wawili huyo mtu ukweli wake. Yule mama hana maneno mengi, lakini hajawahi kukuacha. Msiba wa baba ni yeye aliyelala chini nawe mpaka tulipoanua matanga.

Ukipenda nitaomba ruhusa nije.

Mwanao,
Geofrey


Area D
21 Mei 2007

Mwanangu Geofrey,

Hujambo, baba? Umekula? Nisamehe kwa kimya. Usiombe ruhusa, maliza mnara wa watu.

Ni Mama Violeth.

Nilijua siku ile ile namba iliporudi. Jina lile la bibi naye alikuwa akiniita tukichota maji bwawani, wasichana wadogo. Hakuna mwingine. Niliifunga namba yake kwa hasira. Kisha nikakaa nikaunganisha yaliyobaki. Mtu wa huko huko Dodoma, anawahi sana. Alikuwa anavuta sauti za Morogoro kupitia laini yangu, upande wa pili wa ukuta, na mimi ndani nasubiri ya kwangu itambae. Ndiyo maana mlenda ulimkaba.

Jumuiyani hakuja. Baadaye akaja hapa nyumbani, akakaa kiti chake. Tukasalimiana ndefu, za nyumbani, za watoto, za shamba. Tukaongea bei ya zabibu. Hakuweza kusema mtandao umekatika, maana angesema ulikuwa wa nani. Nami nikakataa kumsaidia. Akaondoka. Akaja tena, zabibu tena. Nilikuwa nimeapa asiyeomba simpi hata nafasi ya kukiri.

Lakini siku ile aliposimama kuaga, neno lilinitoka. "Emilia, Morogoro inakwendaje?" Unajua simwiti Emilia tangu Violeth azaliwe.

Akaketi tena. Hakukana. Nikamuuliza kwa nini hakuniomba. Ningempa, Geofrey, siku hiyo hiyo ningempa.

"Najua ungenipa," akasema. "Nimekuomba unga, ukanipa. Mkaa, ukanipa. Ada ya Violeth ilipopungua nilikuja hapa kabla sijaenda kwa ndugu zangu. Hata khanga ya kumzikia mume wangu ni ya kwako. Mdomo nao huchoka kuomba, Paulina."

"Na kuiba hakuchoshi?"

"Kunachosha. Lakini hakuna anayekutazama usoni."

Nikamwambia aende nyumbani kwake, na kwamba sifungui. Akaenda. Nililia kwa hasira, kisha nikalia kwa yale aliyosema, maana yote ni kweli na sikuwahi kuyahesabu. Nilikuwa nampa na kufurahi kuwa mtu wa kutoa. Sikuwahi kumtazama yeye akipokea.

Wiki hiyo dada wa Dar akapiga. Sauti tamu. Yule mwenzako wa Dodoma amechelewa, Morogoro haijafika, je, uko tayari kuichukua? Nilishika simu nikatazama ukuta. Kazi ilikuwa imerudi mkononi mwangu yenyewe, na hakuna mtu duniani ambaye angenilaumu. Nikamwambia huyo mwenzangu namjua, ana hitilafu ya laini, kazi yake itafika Jumatatu na mimi ndiye mdhamini. Inayofuata, hiyo ni yangu, na aiandike hivyo nikisikia. Akasema sawa, mama. Kumbe ukisema kwa uthabiti hata wa Dar husema sawa.

Nikaenda kwake. Sikusalimia ndefu. Nikasema, beba mashine yako uje kupitia mlangoni. Akaja nayo amefunika khanga. Nikafungua ile orodha ya wanaoruhusiwa, nikamwambia ageuze kompyuta anisomee namba ya kiwandani. Akasoma kwa sauti, mimi nachapa. Akafika mwisho, nami nikamsomea tena ili tusikosee.

Sheria nimeziweka mimi. Asubuhi ni yake, mchana wangu, bili tunagawana. Kefa ameandikwa pia, Jumamosi peke yake, kwa sharti asimtangazie mtu kwamba ni mtandao wa jumuiya. Morogoro ilikwenda Jumatatu kabla ya saa sita. Mimi nimepata semina ya Iringa na sijachelewa.

Urafiki bado sijamrudishia. Kwenye orodha hakuna mahali pa kuuandikia namba. Anakuja, tunafanya kazi, mlenda tunakula, lakini tunapita pembeni ya jambo lile kama watu wanaokwepa maji ya mvua njiani. Pengine litakauka lenyewe. Mimi sina haraka, na yeye haondoki.

Neno la siri nimelibadilisha tena. Hili hulijui hata wewe fundi. Ukija likizo utaniomba kwa mdomo wako, ukinitazama, nami nitakupa.

Ni mimi mama yako,
Paulina