Bibi, Nilificha Ukurasa wa Nyuki

Bibi yangu uliye Busawe,

Shikamoo. Shangazi atakusomea barua hii. Sauti ni yake, maneno ni yangu. Naiandika gazetini kwa sababu nilikukosea mbele ya watu.

Unakumbuka kile kihenge cha kuwekea nafaka ya wimbi? Nilikuwa mdogo, wewe unasaga, na nyigu anajenga chungu chake cha udongo chini ya paa. Alileta kiwavi wa kijani, akamsukuma ndani, akaziba. Ukasema, "Mwone. Amechukua mtoto wa mwingine. Atamwimbia humo mpaka awe nyigu."

"Asipokubali?"

"Anaimbiwa kila siku, atakataaje? Mbona wewe ulikubali?"

Nilikuelewa. Hukujaliwa mtoto wa kiume. Kwa ng'ombe wa mahari ya Shangazi ulimwoa mama yangu, kwa ile desturi yetu ya nyumba ntobhu, mwanamke kuoa mwanamke ili nyumba yake ipate warithi. Damu yako sina hata tone, lakini mgongo nilioujua utotoni ni wako.

Kisha nikasoma. Kitabu kimoja cha wadudu kilinionyesha kwamba nyigu, nyuki na siafu ni ukoo mmoja: wana kiuno chembamba, na mwiba ni wa majike peke yao, maana zamani ulikuwa mrija wa kutagia mayai. Nyuki, kilisema, ni nyigu walioacha nyama wakahamia kwenye chavua. Nilikisoma kama mtu anayenoa panga. Unanijua, Bibi. Sisomi bila kutafuta wa kumpiga.

Siku ya baraza la kijiji nilisimama kuipinga nyumba ntobhu. Bado siipendi. Binti kuolewa bila kuulizwa ni uonevu, na hilo nitalipigania mpaka nizikwe. Lakini siku ile sikusema habari za binti. Nilitaka kushangiliwa. Nikatoa chungu cha nyigu, nikakipasua kwa kisu. Ndani kulikuwa na viwavi hai waliolegezwa kwa sumu, na funza mnene mweupe akiwatafuna.

"Tazameni!" nikapaza sauti. "Hakuna anayegeuzwa. Huyu mnene nyigu alimtaga mwenyewe. Hawa wengine ni chakula. Mgeni haingii ukoo, mgeni analiwa!"

Watu walicheka. Mmoja akauliza, "Na wewe mwalimu, umebaki kipande gani?" Nikacheka nao.

Ulikuwa mbele, kwenye kigoda chako. Hukuinuka. Ulisema taratibu, "Mjukuu wangu, wewe nilianza kukutafuna wapi?"

Nikaendelea na hotuba.

Mwezi haukuisha, mdogo wa marehemu mumeo akapeleka madai kwa wazee. Shamba na ng'ombe ni vyake, alisema, kwa kuwa msomi wa nyumba hiyo mwenyewe ametamka kwamba mgeni haingii ukoo. Wazee wakanigeukia. Mimi, ninayebishana na mapadre na makarani, nilitazama viatu vyangu. Kukanusha kulikuwa kukiri kwamba nimeshindwa. Wakampa vyote, nawe ukafunga mzigo mmoja ukaenda kwa Shangazi.

Ningekuwa nimekosea kwa ujinga, ningelala. Lakini ukurasa uliofuata nilikuwa nimeusoma. Nyuki wanaokusanya chavua kwa kawaida hawatagi. Wanalea watoto ambao hawakuwazaa, wanawalisha, wanawafia, na mzinga ni wao. Siafu vivyo hivyo. Katika ukoo ule ule, Bibi! Kwa kitabu hicho hicho ningeweza kukusifu mbele ya wote. Niliuruka ukurasa kwa sababu ungeharibu hotuba yangu. Na hata huo usingethibitisha kitu, kwa kuwa nyigu hajui habari za binadamu. Nilichagua mdudu aliyenifaa, nikampiga naye aliyenilea.

Juzi nilirudi kwa wazee. Mkubwa wao akaniuliza, "Leo umetuletea mdudu gani?" Nilistahili. Wamekubali kuisikiliza kesi tena, kwa sharti kwamba nisimame palepale, mbele ya watu walewale, niseme kwamba nilijua na nikaficha. Nitasema, shamba lirudi au lisirudi.

Kabla ya siku hiyo nitafika Busawe kwa miguu. Sitakueleza chochote, umeshachoshwa na maelezo yangu. Ukiwa hutaki kuniona, mwambie Shangazi asinifungulie. Nitakaa nje ya lango mpaka utakaponiuliza tena lile swali, na safari hii nitakujibu.

Ni mimi, mjukuu wako.