Gari la Viti Saba na Mayai Yangu

Khamisa, bado ananifokea hapa nje. Eti naharibu biashara yake. Mimi!

Huyu jirani yangu Mulinge amechomoa mashine yangu ya kuangulia vifaranga. Ameichomoa! Mayai mia mbili, siku ya kumi na tisa, ili achaji lile gari la umeme la viti saba aliloagiza China.

Namuuliza, "Hukuona mayai?" Ananijibu, "Mama Nduku, mayai yanaweza kungoja."

Mayai kungoja, Khamisa!

Nimepasua moja. Kifaranga kilikuwa na manyoya tayari. Baridi kabisa.

Kesho mnunuzi wa gari anatoka mji wa Salama kuja kulijaribu, na betri haijafika hata robo. Waya wa kulichaji ni huo mmoja tu. Nimeuchomoa, nimeufungia ndani ya mashine na mayai yangu. Ungoje nayo. Ufunguo ninao.