Siku Nilipokaa Kwenye Boti Kumngoja Bahati

Jumatatu, 7 Oktoba
Ndagala, dagaa wa ziwa letu, zimekauka vizuri leo. Beseni zote zimekwisha kabla ya adhuhuri. Wanunuzi wa Kavimvira wananikimbilia sababu ndagala zangu hazina mchanga. Wengine hapa pwani wanauza mchanga wenye ndagala ndani.

Saa saba nikafungua radio. Binti yangu Butoyi anasoma hali ya hewa. Sauti yangu kabisa, ila yeye amesoma. Akianza, mji mzima unanyamaza. Sawa, si mji mzima. Avenue yetu hapa Kilibula inanyamaza. Na mimi ndiye ninayewanyamazisha.

Alhamisi, 10 Oktoba
Butoyi ametufundisha jambo leo kwenye radio. Kule bahari ya Hindi msimu wa vimbunga uko karibu kuanza, na kila kimbunga kinapewa jina kama mtoto. Majina yanapangwa mapema, kimbunga chenyewe hakijazaliwa. Cha kwanza kinachukua jina la kwanza, cha pili la pili. Sababu yake nimeipenda: mtu anasahau "upepo mkali kutoka kusini", lakini jina hasahau. Jina linapita mdomo kwa mdomo mpaka kwa asiye na radio.

Vimbunga vile havifiki kwetu. Lakini pepo za ziwa letu zinazamisha boti kila msimu wa mvua, na hazina jina. Basi ameamua yeye kuzipa. Majina ya wanamama wanaouza samaki. Asifiwe, Bahati, Chantal, Dorika, Esperance, Faida.

Faida ni mimi. Wa sita! Nimebeba mapacha, nimemlipia masomo Bujumbura kwa ndagala, halafu ananiweka nyuma ya Chantal. Ananiambia, "Mama, ni alfabeti." Alfabeti haikumnyonyesha.

Jumamosi, 12 Oktoba
Vita pwani. Bahati, yule wa meza ya samaki wa mikeke karibu na yangu, hataki jina lake liende kwa upepo. Kwetu mtoto akipewa jina lako, yeye na wewe mnaitana "majina", na unamletea kitenge. Sasa anauliza: upepo ataufunga kitenge wapi? Na ukiua watu, mama zao watamlaani nani? Chantal yeye anataka asogezwe mbele. Nimecheka mpaka nikakaa chini.

Jumatano, 23 Oktoba
Siku mbaya. Jana Butoyi alitangaza kwamba Asifiwe, upepo wa kwanza, unafika leo mchana. Boti hazikutoka. Asifiwe akaja: manyunyu ya kulowesha kamba za nguo. Basi.

Pwani wamemcheka Butoyi. Na aliyecheka kuliko wote ni Bukuru, pacha wake mwenyewe, kapita, nahodha wa boti inayokwenda mji wa Baraka. Amepoteza safari. Mezani akamuuliza, "Dada, Asifiwe alisimama njiani Mboko kunywa chai?" Butoyi hakula.

Nimetukana watu watatu kwa ajili yake. Lakini na mimi niliona haya. Naandika hapa tu.

Jumapili, 3 Novemba
Butoyi hakwenda kanisani. Tangu asubuhi anaangalia karte, ile ramani ya upepo, kwenye telefone, nyekundu kila mahali. Ametangaza: Bahati anakuja kesho kabla ya adhuhuri, na ni mkali.

Bukuru anasema kesho anatoka na abiria. Hasikilizi.

Wote wawili wakanigeukia. Nifanye nini? Tangu walipozaliwa sijampa mmoja kitu bila kumpa mwingine. Kiatu kwa kiatu. Anayemsalimu mmoja nilimwambia amsalimu na wa pili. Watu wananiita Mama Bukuru sababu yeye alitangulia kutoka, lakini ndani ya nyumba hakuna aliyetangulia. Mama wa mapacha hachagui. Nikinyamaza, mtoto anakufa majini. Nikisema, nimevunja kitu ambacho sijakivunja maisha yangu yote.

Nimekwenda kupanga beseni.

Jumatatu, 4 Novemba
Mungu ni mkubwa. Naandika nikiwa bado na unga kwenye nywele.

Nimefika bandarini Kalundu kabla ya abiria. Boti ya Bukuru ilikuwa imejaa magunia ya unga. Nikapanda. Nikakaa katikati, juu ya unga, beseni mapajani. Sijui kuogelea. Wanaonijua wote wanajua hilo.

"Mama, unaenda Baraka kufanya nini?"

"Kumsalimia Bahati. Dada yako anasema tutakutana naye njiani."

"Shuka, Mama. Watu wanaangalia."

"Waangalie. Weye unasema tunafika, nimekuja tufike pamoja. Yeye anasema hatufiki, nimekuja nife na weye. Nani nimemkataa hapo?"

Akaenda kufunga magunia upya.

Abiria walipopanda, mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akaniuliza kama ni kweli yule wa radio ni wangu. Nikasema sikiliza sauti hii, utakosa kuijua? Akashuka. Akashuka na mume wake. Halafu wa tatu. Kwenye boti za jirani nao wakaanza kushuka, makapita wakazima motere wakinitazama kama mchawi. Vijana wa mizigo wakapiga kelele, "Kapita, mama yako amekuwa nanga!"

Na mbingu? Buluu. Ziwa limelala kama mafuta kwenye sahani. Jua likanichoma kichwa. Vicheko vikazidi. Bahati mwenyewe akaja mbio kutoka kwenye meza yake, "Mama Bukuru, shuka! Unaniulia jina!" Nikaanza wimbo wa kanisani ili nisiwasikie. Sauti ikatoka mbaya.

Niliogopa. Si upepo. Niliogopa upepo usije. Nilimwomba Mungu alete upepo. Mama gani anaomba upepo? Mimi.

Bukuru ndiye aliyeuona. Kule kusini, mstari mweusi juu ya maji, kama mtu amechora kwa makaa. Halafu nikasikia sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake.

"Vuteni boti! Zote! Vuteni!"

Wakavuta. Na mimi ndani. Sikupewa nafasi ya kushuka, nikavutwa mpaka mchangani juu ya unga kama malkia.

Bahati wa upepo akafika. Mawimbi yakapanda mpaka kwenye milango ya maghala. Pirogi mbili tupu za wavuvi zilipasuka kama karanga. Mabati ya choo chetu, nimeambiwa, yamekwenda kwa jirani, na jirani hajui ameyakosea nini. Tumejibana chini ya hangari, abiria, makapita, wabeba mizigo, na kila mtu anamtafuta mtu wake kwa macho. Wote wapo. Ziwani hakukuwa na mtu. Hata mmoja!

Bukuru alisimama karibu yangu, ametota, na hakuniangalia. Akanipangusa unga usoni kwa kiganja. Akaenda radioni kwa miguu, mvua ikimnyeshea.

Jumanne, 5 Novemba
Leo natembea katikati ya barabara. Motari na pikipiki zao wanaweza kuzunguka.

Butoyi ametangaza: Bahati amepita, hakuna aliyekufa. Bukuru alikuwa amekaa pembeni yake kwenye studio, namjua kwa kukohoa kwake. Jana alipofika pale alimwambia neno moja tu: "Nimesikia." Butoyi akalia. Mimi nilipoelezwa nikalia zaidi, lazima nimshinde.

Na Bahati wa mikeke! Ungedhani yeye ndiye aliyevuma. Anawaambia wateja, "Asifiwe alikuwa manyunyu. Mimi je?" Akamuuliza Butoyi kama jina lake sasa litafutwa. Butoyi akamweleza: kuna bahari ambako kimbunga kikiua watu wengi jina lake linaondolewa, halirudi tena. Wako haukuua mtu. Jina linabaki. Bahati alicheza pale pale, mikeke ikimwangalia.

Jioni akaja nyumbani na kitenge cha Butoyi, sababu upepo hauvai. Kizuri, cha maua ya buluu. Kimoja. Kwenye nyumba ya mapacha! Nimemrudisha akalete cha Bukuru.

Alhamisi, 7 Novemba
Ziwa limetulia. Asubuhi Bukuru amemuuliza dada yake, "Niende?" Akamwambia nenda. Amekwenda. Mchana amepiga simu, amefika Baraka.

Nimetandika ndagala. Jua la kawaida. Mtu akaita nyuma yangu, "Mama Butoyi." Sikugeuka. Nilidhani anaitwa mwingine. Akaita tena.

Alikuwa yule mama wa Kalundu, mtoto bado mgongoni, amelala.

Nimempimia kopo lake. Nikamwongezea kiganja. Halafu kingine.