Mgonjwa wa Kliniki ya Ngozi

Mdogo wangu,

Barua hii ikikufikia, kaa kitako kwanza, si ya kusomwa umesimama mlangoni na ndoo mkononi. U mzima? Goti lako linakubali kupinda? Wanao hawajambo, au bado wanakusubiri uwapakulie ilhali wana ndevu? Mimi ni mzima kwa sehemu iliyobaki. Sehemu nyingine iko mikononi mwa madaktari, na ndiyo iliyonishikisha kalamu.

Usicheke mwandiko. Niliishia darasa la nne na wewe unalijua hilo. Mjukuu wangu alitaka kuniandikia, nikamkatalia kwa kidole. Yeye huandika kama anayefukuzwa, na isitoshe mambo ya leo hayahitaji karani. Najua umepiga simu mara sita. Sikupokea kwa sababu nimekatazwa kusema, hata kunong'ona. Ndiyo, mimi. Wodi nzima wamefurahi. Muuguzi wa asubuhi anasema hajapata kumwona mgonjwa anayegombana kwa nyusi.

Unakumbuka sauti yangu ilivyoanza kukwaruza. Wewe ukasema mafua, mimi nikasema vumbi, kila mtu akawa daktari. Wateja wangu wakadhani nimenuna, na msusi akinuna nani atamkalia miguuni saa nne nzima? Watu hawaji kwa nywele tu. Ikafika mahali nikipanda vile vidaraja vitatu vya kibanda changu, kifua kinapiga filimbi. Mjukuu akanikokota hadi kwa daktari wa koo, kijana mwenye masharubu ya kuhesabika lakini mikono yake imetulia. Akaniingiza kamera nyembamba puani, akatazama. Mwishowe akasema njia yangu ya hewa imebaki upana wa mrija wa kunywea soda, na imeota vinundu vya manjano mpaka kwenye nyuzi za sauti.

Nikalazwa, wakanikwangua vinundu, kipande kikapelekwa kupimwa. Siku ya upasuaji walinivika lile gauni la hospitali lisilo na mgongo wala heshima, na hapo daktari akaona nilichokuwa nafunika kwa mitandio: vipele vya manjano kama punje za mtama, shingoni, makwapani, hata kwenye kope. Akaniuliza kama nimewahi kutibiwa ngozi. Nikamjibu sijawahi.

Majibu yaliporudi alikuja na daktari wa ngozi, mama mmoja mpya hapa, aliyempokea kazi mzee aliyestaafu. Wakanieleza polepole kama mtoto, nami nikawaacha. Si saratani, wala hauambukizi. Ni chembe za mwilini ambazo kazi yake ni ulinzi, sasa zimejaza mafuta tumboni mwao na kujazana ngozini na kooni, kama walinzi waliolala langoni hadi mwenye nyumba hapiti. Jina la ugonjwa ni refu, ukifika mwisho umesahau mwanzo. Wenyewe walikuwa wameusoma vitabuni tu.

Kisha yule mama akafungua faili kuukuu, uso umemng'aa. Akasema ajabu ni kwamba miaka miwili iliyopita kliniki ya ngozi ilimtibu mgonjwa mwingine wa maradhi hayohayo, na kwenye faili ndugu wa karibu ni mimi. Mgonjwa huyo ni wewe.

Mdogo wangu, usiruke kwenye kioo. Huna kitu. Soma mpaka mwisho.

Wakafurahi, wanasema dada wawili tumbo moja kuugua hivyo haijasikika, basi huenda ni maradhi ya ukoo, mletwe wewe na wanao mpimwe damu. Mjukuu, kwa moyo wake mwema na ulimi wake usio na kufuli, akawapa anwani yako. Halafu akaniuliza kama tumekosana, maana bibi mdogo alikujaje mjini kutibiwa asilale kwetu. Kwa hiyo huenda barua ya hospitali imenitangulia. Ichane.

Ningeweza kunyamaza, na kwa kunyamaza sasa nina cheti. Lakini wakapanga matibabu. Mama yule akasema waanze na vidonge, miezi mitatu. Akakiri kwamba mgonjwa wa kwanza alivimeza nusu mwaka bila kipele kimoja kudondoka, lakini kila mwili na wake, pengine wa dada mtu utakubali. Daktari wa koo akasema sawa, ila vinundu vikirudi kwa kasi ile itabidi anitoboe shingo nipumulie hapo. Nikalala nikitazama dari. Miili miwili waliyokuwa wakiipigia hesabu ilikuwa mmoja, nao ulikuwa umejifunika shuka.

Ni mimi niliyekwenda kliniki ya ngozi kwa jina lako. Mke wa kinyozi jirani yangu hufagia pale, na mdomo wake unaufahamu. Jina langu lingeitwa kwenye benchi lile asubuhi, jioni mji mzima ungejua msusi ana vipele, na nani angeniletea kichwa chake? Nikajitanda mpaka machoni. Karani akauliza jina, nikataja lako. Akauliza ndugu wa karibu, nikataja langu. Kwa akili nilizonazo, huo ndio uongo nilioweza.

Na kwa nini lako? Nimejiuliza kitandani hapa. Ni kwa sababu ndilo lililozoea. Kile chungu cha mama nilikivunja mimi, ukachapwa wewe. Yule kuku aliyepotea nilimwacha mlango wazi mimi, ukalala njaa wewe. Hukuwahi kunisema. Nikazeeka na mazoea yangu.

Basi nikaomba daftari, nikaandika yote kwa herufi kubwa, nikampa daktari wa koo. Akasoma mara mbili, akakaa kitandani kwangu bila kuomba ruhusa. Mama wa ngozi hakukaa. Alisema laiti wangejua ngozi ile na koo hili ni vya mtu mmoja, wangechungulia kooni miaka miwili iliyopita, kabla hakujawa na cha kukwangua. Nikaandika daftarini, "Kweli," nikamgeuzia asome.

Vidonge wameviacha. Natundikiwa dripu ya dawa kali, siku tano mfululizo, kisha mwezi ukipita warudie. Leo ni ya tatu. Inaweza kusaidia, inaweza isisaidie, hawakunidanganya. Kichefuchefu kipo, ila filimbi ya kifuani haijazidi.

Wanataka uje na kitambulisho, useme mbele yao kwamba hujawahi kufika, wapate kuunganisha mafaili. Sijawahi kukuomba kitu, na sasa naomba. Njoo. Na usije na machungwa na huruma, njoo unigombeze. Nimebakiza wiki mbili za kunyamaza. Tangu uzaliwe hujapata kumaliza sentensi mbele yangu. Wiki hizi mbili zitumie, anza na chungu, nami nitasikiliza mpaka umalize.

Shemeji mpe salamu, mwambie apunguze kulala. Wajukuu wabusu, wasafi tu.

Ni mimi, dada yako, kwa jina langu mwenyewe.