Aliyenipaka Rangi Usoni

Nyumba ya Wageni, chumba cha juu,
Nyuma ya kiwanda cha mikate.
Jumapili mchana.

Mpendwa Wifi,

Pokea salamu kutoka huku ugenini. Vipi goti lako, bado linagombana na ngazi? Na kikohozi cha shemeji kimetulia? Mimi ni mzima, ila miguu imevimba, na usihangaike kuuliza kwa kazi gani maana nitakueleza mwenyewe.

Nilifika salama. Ulinisihi nisije, ukasema msimu wa kanivali mji hujaa wahuni, lakini unanijua, nikishafunga mzigo siufungui. Mwanetu alinipokea stendi, akanikumbatia, kisha akanileta hapa nyumba ya wageni. Sikumwuliza kitu. Nilijisemea tu moyoni: mtoto niliyemzaa anaishi mji huu huu, mbona mimi nalazwa kwa watu? Nimekuwa mpishi wa shule miaka mingi, na najua sufuria inayofunikwa haraka haraka ina jambo ndani.

Kila jioni akawa ananichukua kwenda naye kazini. Si unajua ni fundi wa spika? Msimu huu hakuna dansi linaloanza bila yeye. Ananiweka kwenye kiti kando ya mitambo yake, nami natazama. Wifi, watu wamevaa barakoa za manyoya, za kung'aa, za ndege! Mimi, mtu mzima anayeficha uso namhesabu ana deni au ana mke. Pochi niliibana kwapani, soda nikataka ifunguliwe mbele ya macho yangu, na mzee mmoja wa barakoa ya jogoo aliponiomba tucheze, nilimwambia avue kwanza nimwone meno.

Akavua. Meno yalikuwa mazuri. Nisikufiche, nilicheza mpaka viatu nikavishika mkononi. Tangu kaka yako atutoke sijacheka vile. Nilifurahi, wifi, nilifurahi kweli.

Lakini kulikuwa na mwanamke mmoja. Mlangoni pa kila dansi hukaa wapaka rangi. Asiye na barakoa anachorwa maua usoni, analipa, anaingia. Huyu hakutaka hela yangu. Wengine aliwamaliza chapuchapu, mimi akanishika kidevu kama ameshika yai, akanichora taratibu, macho hayabanduki usoni pangu. Siku ya kwanza nikasema labda ni ukarimu. Siku ya pili tukaenda kwingine kabisa, juu ya paa la ghorofa, nikamkuta huyo huyo mlangoni. Ya tatu vivyo hivyo. Tena nikamwona anamtupia mwanetu jicho, na mwanetu anajifanya anahangaika na nyaya. Nikajua hawa wawili wana njama, na anayewindwa ni mimi.

Jana nilimdaka mkono, brashi ikiwa bado shavuni kwangu.

"Wewe binti, unatafuta nini kwangu?"

Akaanza kulia. Mwanetu akaja mbio, kaacha spika zikivuma zenyewe.

"Mama, mwachie. Huyu ndiye uliyemkataa."

"Nimkatae nani, mimi? Lini?"

"Si ulisema hutaki hata kumwona, eti kwa sababu alishaachika? Basi nikamwambia aje akupake rangi. Walau akuguse."

Nilikaa chini pale pale. Watu wakadhani mama wa watu kalewa.

Unajua nyumba yetu ilivyo. Kijana hamwambii mama yake habari za mchumba. Humwambia shangazi, na shangazi ndiye huzifikisha kwa mama. Mwanetu alifuata utaratibu. Anasema alikuja kwako, akakaa sebuleni kwako, akakueleza yote, na baada ya wiki ukampa jibu langu. Jibu langu! Mimi ambaye hata swali sikulisikia.

Leo asubuhi nimekwenda kwao. Wana chumba na sebule, pamefagiliwa vizuri. Na kuna mtoto, wifi, wa kike, umri wa miaka mitatu. Paji la uso ni la kaka yako mtupu. Miaka mitatu nina mjukuu, na nilikuwa nikiwaambia watu mwanangu hataki kuoa. Nimelia, mkamwana wangu akanifuta machozi kwa kitambaa chake cha rangi, sasa nina shavu moja la buluu.

Sitaki kukuhukumu kabla sijakusikia. Huenda kijana alikuelewa vibaya. Huenda ulitaka kunikinga na maneno ya watu. Nimejaribu kila sababu, hakuna inayonikaa. Basi nakuuliza waziwazi: nani alikwambia mimi nimekataa?

Nisalimie shemeji, na Mama Mkubwa, na fundi viatu wa pale kona aliyenitilia soli. Mungu akuponye goti, na akulainishie ulimi useme kweli.

Usihangaike kunijibu kwa barua. Nakuja Jumamosi, nashukia kwako moja kwa moja, na siji peke yangu. Mtoto ameshaambiwa anakwenda kumwona dada wa babu yake, na ana maswali huyo, hachoki. Akikuuliza kwa nini hakukujua siku zote, mimi nitanyamaza. Utamjibu wewe.

Wifi yako, nikupendaye hadi sasa.