Siku Khanzeb Alipotoka Studio

Lango la Kohati,
Peshawar.
Jumatatu, 5 Oktoba 1936.

Mpendwa Kaka Painda,

Asalaam aleikum. Naomba barua hii ikukute mzima huko Marree, ng'ambo ya bahari, wewe na shemeji Elsie na binti yetu Nurjan, na yale magoti yaliyokusumbua wakati wa baridi yawe yameanza kukusikia. Barua yako ya Juni ilinifikia Agosti. Niliisoma mara mbili peke yangu, kisha nikamsomea dada Bakht Bibi alipokuja mjini. Alilia kidogo ulipoeleza jinsi mlivyowafungulia ngamia wa mwisho wajiendee jangwani, kwa kuwa malori yamewanyang'anya kazi. Alisema ngamia wale angalau walikwenda wengi pamoja.

Mimi mwili hauna neno. Joto limeondoka, asubuhi natoka na shali, na makomamanga yamejaa sokoni. Dada na mumewe hawajambo, ugomvi wao ni ule ule uliouacha. Kaburi la mama tulilipangia mawe mapya baada ya mavuno ya ngano. Nimeiweka juu yake ile changarawe nyekundu uliyonitumia katika bahasha.

Uliniuliza hii kazi ya redio ni kazi gani, na mtu mzima analipwaje kwa kuongea. Ngoja nikueleze, maana ndiyo habari yenyewe ninayotaka kukupa, na sina mtu mwingine wa kumpa.

Kituo chetu ni kidogo, na kipindi chetu cha vijijini ni cha nusu saa, kila jioni ila Ijumaa. Katika kila kijiji kilichochaguliwa wamefunga sanduku la chuma lenye kufuli kwenye hujra, pale wanaume wanapokaa na wageni wao. Halina cha kushika wala kugeuza. Saa ikifika linajiwasha lenyewe, nusu saa ikiisha linajizima. Wanaume wanakaa uani, wanawake wanasikiliza juu ya mapaa. Betri zake zinaletwa na lori mara moja kwa wiki.

Sisi tulikuwa wawili. Mimi nilikuwa Mzee Toray, mkulima mbishi anayejua kila kitu. Mwenzangu Khanzeb alikuwa Mzee Spinay, mpole, mvivu, anayeuliza maswali ya kijinga. Tunabishana juu ya mbegu, chanjo ya maksai, maji ya mfereji, watu wanacheka, halafu nasoma bei za ngano na sukari guru. Khanzeb ana miaka ishirini na minane tu, kaka, lakini akikohoa kile kikohozi cha Spinay ungeapa amefika sabini. Kwa miaka miwili tulikula sahani moja. Tangu mke wangu Zarghuna afariki, ndiye aliyekuwa akinigongea mlango kuuliza kama nimekula.

Sasa nikueleze siku yenyewe, Alhamisi ya tarehe kumi na saba Septemba.

Mchana tulikaa dukani kwa muuza chai kupitia maandishi ya jioni. Niliona hasomi. Nilipomuuliza, akaniambia kwamba mwenye kinu cha kijijini kwao amevunja uchumba wa binti yake naye. Khanzeb alikuwa amemngoja binti huyo miaka minne. Ameozwa mtu wa Mardan mwenye basi. "Usimwambie mtu, Mehrdil," akasema. "Wewe nimekwambia kwa kuwa ningepasuka." Nikamwambia mdomo wangu umeshonwa. Nilimlipia chai, nikajiona ndugu mwema.

Jioni tuliingia studio. Ni chumba chenye mapazia mazito kila ukuta, zulia sakafuni, na kipaza sauti kimoja mezani kati yetu. Makubazi tunayavua mlangoni yasilie. Upande mmoja kuna dirisha la kioo, na nyuma yake hukaa fundi wetu wa mitambo, Harnam. Hatumsikii, tunamwona tu. Humo ndani ukinyamaza unasikia damu yako masikioni. Unaongea na maelfu ya watu wala hakuna anayekujibu. Kitu pekee kinachokuambia kuwa umesikika ni uso wa Harnam akicheka kimya kimya nyuma ya kioo.

Na siku zile Harnam alikuwa akicheka Khanzeb akisema. Barua za wasikilizaji pia zilikuwa hivyo: Spinay kasema hivi, Spinay asiache kutuchekesha. Mimi walinitaja mwishoni, pamoja na bei za ngano. Sikuwahi kulisema jambo hili, kaka, hata kwa nafsi yangu.

Maandishi yalikuwa juu ya kupanda ngano mapema. Spinay anasema atangoja mvua. Mimi nilitakiwa kumjibu, "Utangoja mpaka lini, bwana?" kisha niendelee na mambo ya mbegu. Nikasoma maneno hayo. Ulimi haukusimama hapo.

"Utangoja mpaka lini, bwana? Utangoja kama ulivyongoja mchumba miaka minne, mwenye basi akapiga honi mara moja, akamchukua!"

Harnam alicheka mpaka kilemba kikayumba. Kicheko hicho ndicho nilichokuwa nakitaka, nikakipata.

Khanzeb aliniangalia. Hakukunja uso, aliniangalia tu kama mtu anayetafuta jina la mtu aliyewahi kumjua. Kisha akaiweka karatasi yake mezani taratibu, kwa vidole viwili, ili isitoe sauti kwenye kipaza. Akainuka bila kukisogeza kiti, akatembea juu ya zulia, akavuta mlango na kuurudisha polepole hadi ukafunga. Hata kwa hasira ile alinilindia kipindi.

Zilibaki dakika kumi na nne. Harnam alisimama nyuma ya kioo, mikono kichwani. Na hapo, kaka, badala ya kumkimbilia mwenzangu, au hata kunyamaza, nilikohoa. Nilikohoa kikohozi cha Spinay. Nikasema kwa sauti yake, "Wewe Toray, meno yamekwisha mdomoni, ulimi ndio kwanza unaota!" Nikajijibu kwa sauti yangu. Nikaendelea hivyo, kichwa nakigeuza huku na huku kama mwendawazimu, nikibishana na kiti kitupu, mpaka nikafika kwenye bei za sukari guru.

Nilipotoka, makubazi yake hayakuwapo mlangoni.

Mkuu wa kituo alikuwa amesikiliza nyumbani kwake, wala hakugundua lolote. "Juzi mlitia fora!" akaniambia asubuhi ya Jumamosi. Nilipomweleza, akanifanya nikohoe mbele yake. Kisha akacheka. "Kumbe wawili walikuwa wa nini?"

Kwa jioni saba nilikuwa watu wawili. Barua zilikuja kusifu. Mmoja wa Charsadda aliandika kwamba wazee hawa sasa wanaelewana kuliko zamani. Nikirudi chumbani nilikula mkate na kitunguu bila kuwasha taa, sikutaka kuiona sahani.

Ijumaa ya tarehe ishirini na tano nilinunua kondoo, nikapanda gari la farasi hadi mwisho wa barabara, halafu nikamkokota kondoo kwa miguu hadi kijijini kwao Khanzeb. Desturi zetu hujazisahau: mwenye kosa huenda na mnyama wake hadi mlangoni kwa aliyemkosea, akakaa chini, akangoja. Nikakaa vumbini nje ya ukuta wao. Kondoo alilia zaidi yangu.

Kwanza alinijibu mama yake, kutoka ndani. "Nani huyo?"

"Ni Mehrdil, mama."

"Yupi? Toray?"

"Ndiyo, mama."

"Kondoo wako amenona. Mwanangu hata mkate hamalizi. Vijana wa kinuni akipita wanampigia honi kwa midomo. Pii, pii! Umesikia? Hiyo ni kazi yako."

Nilikaa pale mpaka kivuli cha ukuta kikanifikia miguuni. Ndipo Khanzeb akatoka. Amekonda, ndevu hazijachongwa. Alinishika mkono, akaniinua.

"Simama. Utachafua suruali ya mjini."

"Khanzeb, nilikosa. Sina cha kujitetea."

"Nimekusamehe," akasema, na alimaanisha, maana alimtwaa kondoo mwenyewe, akamchinja, jirani wakaitwa, tukala. Alinichagulia minofu kama zamani. Nikaona mambo yamepona. Nikamwambia kesho twende wote, kiti chake kipo.

Akapangusa mikono. "Sirudi, Mehrdil."

"Si umenisamehe?"

"Nimekusamehe. Sikiliza. Jumamosi ile nilikaa papa hapa, na hawa hawa. Sanduku likajiwasha. Nikajisikia nikiongea. Nikajisikia nikicheka, tena kicheko kile nilichokuwa naanza nacho kabla sijakohoa, ambacho sikujua hata kama unakijua. Mzee huyu hapa akanigeukia, akaniuliza, 'Khanzeb, kama wewe uko hapa, yule ni nani?'" Mzee aliyetajwa aliinamisha kichwa. "Wakacheka wote. Mimi pia nilicheka, ningefanya nini? Yule maneno yangu anayo, kikohozi changu anacho, hata uvivu wangu anao. Mimi nije kufanya nini huko? Nije nimwige?"

"Nitaacha kukuiga. Leo leo."

"Acha au usiache. Mimi nimekwisha kujua kwamba unaweza bila mimi. Na wewe umekwisha kujua."

Alinisindikiza hadi mwisho wa mashamba. Hatukusemezana tena ila juu ya mfereji, kwamba maji mwaka huu ni machache. Tuliagana kwa kukumbatiana. Nilitembea, kaka, nikageuka mara moja, nikamwona tayari ameshampa mgongo mtu wa mjini na kuanza kuvunja mabua ya mahindi.

Jumamosi jioni niliingia studio peke yangu. Mkuu alikuwa amenipa maandishi ya wazee wote wawili, juu ya chanjo ya maksai. Niliyafunika. Nikasema hivi, nayakumbuka vizuri kwa kuwa hayakuandikwa mahali:

"Ndugu zangu, mimi naitwa Mehrdil, nakaa Lango la Kohati. Mzee Toray ni mimi. Kwa jioni saba zilizopita Mzee Spinay pia alikuwa mimi, nikawadanganya. Spinay wa kweli ameondoka kwa sababu aliniambia siri ya moyo wake, nikaifanya mzaha mbele yenu. Basi mkitaka kumcheka mtu, mtu ni mimi. Na mkikutana naye njiani, msimpigie honi."

Baada ya hapo nikasoma bei za ngano na sukari guru, polepole, mpaka dakika zikaisha. Nilitazama kioo. Harnam hakucheka wala hakukunja uso. Alikuwa ameshika visikizio vyake kwa mikono miwili, ananitazama.

Mkuu aliningoja koridoni. "Redio si hujra ya baba yako!" alifoka, na sikumlaumu, ana wakubwa wake. Kufikia Jumatatu nilikuwa sina kazi. Wameleta vijana wawili wa mjini, wanabishana kwa sauti kubwa.

Alhamisi iliyopita, saa ile ya kipindi, miguu ilinipeleka hadi duka moja la chai karibu na stendi ya magari ya farasi, ambako sijawahi kuingia. Wana redio juu ya rafu. Watu wamejaa, hakuna aliyeinua macho, maana uso wangu hakuna anayeujua. Nikakaa pembeni. Nikaagiza chai ya kijani.

Niliposema maneno hayo mawili matatu, watu wakageuka. Mmoja baada ya mwingine. Hata muuza chai alibaki ameinua birika. Mzee mmoja mwenye mzigo wa ngozi miguuni akaniuliza, bila ukali, "Toray, mwenzako yuko wapi?"

Nikasema, "Yuko kwao."

Akatikisa kichwa, akanisogezea kikombe. Vijana wa redioni wakaendelea kubishana pale rafuni, na hakuna aliyewasikiliza. Nilikunywa chai yangu, nikaondoka. Kama Khanzeb alisikia maneno yangu siku ile, sijui. Hajaniletea habari, nami sitarudi kumsumbua.

Nimepata kazi ya kuandikia watu barua nje ya mahakama, nitaanza kesho. Watu wanaongea, mimi naandika. Sihitaji sauti.

Liko jambo moja la mwisho. Jana nilikaa chumbani nikajaribu kukusikia. Naweza kuiga sauti ya mama, ya dada, ya mwalimu aliyetuchapa, hata ya Zarghuna, ingawa hiyo sithubutu. Yako haikuja. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja ulipoondoka, nakumbuka mkono wako kichwani mwangu na harufu ya ngamia, lakini ulichosema siku hiyo kimenitoka chote. Ukiniandikia, usitafute maneno ya barua. Mwambie Nurjan aandike unavyosema hasa, na mahali unapovuta pumzi, na unapomkaripia paka. Nitakuwa nasoma kwa sauti.

Nisalimie sana shemeji Elsie, na Nurjan umwambie baba yake mdogo anamwombea. Msalimie pia yule rafiki yako wa Quetta mnayeswali naye, ambaye umesema mmebaki nyie wawili tu. Huyo usimtanie, kaka. Dada Bakht Bibi anakusalimu kwa machozi na mumewe kwa ubishi.

Mungu akulinde katika nchi hiyo ya mchanga, ayape nguvu magoti yako, na barabara kati yangu na wewe aifupishe.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,

Mehrdil